UMAR KHAYYAM NA MASWALI YA HISABU

Watu wengi wakitajiwa jina la Umar Khayyam, linalowajia mbele ya macho ni kikombe, waridi na kivuli cha mti. Sababu yake ni kwamba wamemjua kwa njia ya mashairi. Mwaka 1859 Mwingereza Edward FitzGerald alitoa kwa Kiingereza beti alizozinasibisha kwake, nazo zikaenea duniani. Na kwetu sisi Shaaban Robert akatutolea Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952. Hatuna ugomvi na washairi. Lakini Nizami Aruzi, mtu aliyemwona Khayyam kwa macho yake na kukaa naye majlisi moja, alitunga kitabu chenye mlango wa washairi na mlango wa wanajimu, na alipofika kumtaja bwana huyu alimtia katika mlango wa wanajimu. Katika mlango wa washairi hakumtaja. Beti zenyewe zilizidi kuongezeka kila karne ilipopita baada ya kufa kwake, hata zikawa mamia, na wanachuoni hawajakubaliana mpaka leo ni ngapi katika hizo zilizotoka kinywani mwake.

Ama vitabu vyake vya hisabu havina shaka hiyo. Vipo, vina jina lake, na mwenye kuvisoma humkuta mtu mwingine kabisa: mkavu wa maneno, mwingi wa subira, asiyekubali jambo ila kwa dalili. Huyo ndiye twataka kumweleza hapa, khasa kwa ajili ya vijana wetu wa skuli wanaopambana na milinganyo, grafu na pembetatu, wakadhani kwamba mambo hayo yamezaliwa Ulaya na kwamba hayatuhusu.

Alizaliwa Nishapur katika nchi ya Khurasan, mwaka 439 wa Hijra. Al-Bayhaqi, aliyeandika khabari za wenye hekima, aliiandika hali ya nyota ilivyokuwa siku ya kuzaliwa kwake, na watu wa zama zetu walipoipigia hisabu wakaikuta ni tarehe 18 Mei 1048. Jina lake ni Umar bin Ibrahim. Khayyami ni mshona mahema, na neno hema tunalolisema sisi ni ndugu wa neno hilo. Yaelekea kazi hiyo ilikuwa ya wazee wake. Wakati huo Khurasan ilikuwa chini ya Waturuki wa ukoo wa Seljuki, waliouchukua mji wa Nishapur miaka kumi kabla yake, katika 1038.

Kipo kisa mashuhuri kwamba Khayyam, na waziri Nizamul Mulk, na Hasan Sabbah mkuu wa Wabatini, walisoma chuo kimoja wakiwa watoto, wakaahidiana kwamba atakayeneemeka awasaidie wenziwe. Kisa ni kitamu, walakini hakisimami mbele ya hisabu ya kutoa. Nizamul Mulk alizaliwa mwaka 1018. Khayyam alipokuwa mtoto wa miaka saba, mwenzake huyo wa chuoni angekuwa mtu mzima wa miaka thelathini na saba!

Akili yake ilikuwa ya ajabu. Al-Bayhaqi asimulia kwamba alikisoma kitabu kimoja mara saba alipokuwa Isfahan, na aliporejea Nishapur akakisomesha kiandikwe kutoka kichwani mwake. Kilipolinganishwa na asili, tafauti ilikuwa ndogo. Asimulia vilevile kwamba siku moja, mbele ya waziri Abdul Razzaq, palizuka khitilafu ya namna za kuisoma aya moja, na bingwa wa visomo aliyekuwapo akamwachia Khayyam aseme. Akazieleza njia zote za wasomaji na sababu ya kila mmoja, kisha akachagua moja na kuitolea hoja. Huyu ndiye mtu ambaye baadaye alisingiziwa kuwa hana dini.

Kabla hajatimia miaka ishirini na mitano alikuwa amekwisha kuandika risala fupi juu ya swali moja tu la handasa, yaani jiometri. Twalieleza swali hilo kwa sababu ndani yake imo njia yake yote. Chora robo ya duara. Katika upinde wake tia nukta, na kutoka nukta hiyo teremsha mstari wima mpaka ukifikie kile nusukipenyo kilicholala chini. Mstari huo utakikata nusukipenyo sehemu mbili, moja upande wa kitovu na moja upande wa ukingo. Wapi patiwe nukta hiyo, hata nusukipenyo kizima kilinganishwe na mstari wima kama vile sehemu ya kitovuni inavyolinganishwa na sehemu ya ukingoni?

Mwanafunzi asiye na mwalimu mwema huanza kubahatisha. Khayyam hakubahatisha. Alijifanya kama kwamba nukta imekwisha kupatikana, akatazama ni mambo gani yangekuwa ya kweli lau imepatikana. Sehemu ya kitovuni akaipa urefu wa 10. Mstari wima hakuujua, akauita kitu. Kisha akaitumia ile kanuni ya pembetatu yenye pembemraba, ambayo kila mtoto wa sekondari aijua, na baada ya hatua chache swali la mchoro likageuka kuwa swali la hisabu: mchemraba wa kitu pamoja na vitu 200 ni sawa na miraba 20 ya kitu pamoja na 2,000. Kwa maandishi ya leo, x³ + 200x = 20x² + 2,000. Alilitatua kwa kukatanisha duara na mpindo uitwao haipabola, na kwa kuwa mtu wa nyota na mjenzi huhitaji tarakimu wala si mchoro mtupu, akatafuta kwa majedwali ya pembe jibu la kukaribia. Msomaji akitaka kuhakikisha na ajaribu 15.44 mahali pa kitu. Ataona pande mbili za mlinganyo zinakaribiana sana.

Katika risala hiyo aliahidi kwamba akijaaliwa umri atakiandika kitabu kizima juu ya milinganyo ya namna hiyo. Kuandika kunataka utulivu, na utulivu aliupata Samarkand, alikokwenda yapata mwaka 1070. Huko alipokewa na kadhi mkuu, Abu Tahir, aliyempa makazi na himaya. Twapenda jambo hili lisipite bila kuangaliwa: mwenye kumlisha na kumlinda mtu wa aljebra alikuwa ni kadhi, mtu wa sharia. Hata mfalme wa Bukhara, Shamsul Mulk, alimheshimu akawa akimkalisha naye juu ya kiti chake.

Kitabu alichokiandika Samarkand ni risala ya dalili za maswali ya jabr na muqabala. Katika dibaji yake alalamika. Asema kwamba wenye elimu wamepungua na waliobaki wana taabu nyingi. Kwamba wengi wanaojifanya wajuzi huchanganya haki na batili, wala elimu yao hawaitumii ila kwa kutafuta maslaha ya mwili. Na wakimwona mtu anayeitafuta kweli kwa dhati humfanyia mzaha. Ndipo akamshukuru kadhi.

Sasa tuingie ndani ya kitabu. Khayyam hakuandika x wala alama ya kujumlisha. Wakati ule kila kitu kiliandikwa kwa maneno. Kisichojulikana kiliitwa shai, yaani kitu. Mraba wake uliitwa mali. Na mchemraba wake uliitwa kaab. Mswahili hana haja ya kufasiriwa mali, ingawa huku kwetu hayajazidishwa kwa yenyewe. Miaka mia mbili na zaidi kabla yake, al-Khwarizmi wa Baghdad alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi ya kutatua maswali yenye mali na shai, akayagawa namna sita. Mfano wake ulio mashuhuri ni mali moja na vitu kumi, jumla yake 39. Alichora mraba wa kitu, akaubandika mistatili miwili ubavuni, kila mmoja una upana wa 5. Hapo pembeni pakabaki pengo la mraba wa 5 kwa 5, yaani 25. Ukiliziba pengo hilo, 39 na 25 zafanya 64, na ubavu wa mraba wa 64 ni 8. Ondoa 5, kitu ni 3. Mwalimu akimwonyesha mtoto mchoro huo mara moja tu, mtoto hatasahau. Akimpa fomula peke yake ataikariri mpaka siku ya mtihani, kisha itamtoka.

Lakini al-Khwarizmi aliishia kwenye mraba. Kaab ikiingia katika swali, mchoro wa mraba hautoshi. Al-Mahani alijaribu katika karne ya tisa akashindwa, na wengine waliomfuata wakafaulu katika swali moja moja. Alilolifanya Khayyam ni kuacha kushughulika na swali moja moja. Aliketi akayapanga yote. Akahisabu namna zote za milinganyo zinazoweza kutokea baina ya nambari, vitu, miraba na michemraba, akazikuta ni 25. Namna 11 katika hizo zatatuliwa kwa elimu ya Euclid, kwa rula na bikari. Namna 14 zilizobaki hazitatuliki hivyo, zataka mikato ya koni. Kisha akazichukua moja baada ya moja mpaka akazimaliza.

Tutoe mfano mmoja mwepesi. Kaab ya kitu pamoja na vitu vinne ni 16. Khayyam afundisha hivi. Chora mstari uliolala, na katika ncha yake ya kushoto weka nukta ya kuanzia. Kutoka nukta hiyo chora mpindo wa parabola unaopanda kwa sharti hii, kwamba mraba wa umbali wa kwenda kulia siku zote uwe mara mbili ya urefu wa kwenda juu. Ile 2 imetokana na jidhri ya 4, idadi ya vitu. Halafu chora duara ambalo kipenyo chake ni 4, nacho kimelala juu ya mstari ule ule kuanzia nukta ile ile. Hii 4 ya pili ni 16 kugawanywa kwa 4. Mipindo hiyo miwili itakutana pale ilipoanzia, na itakutana tena mahali pamoja pengine. Pima kutoka nukta ya kuanzia kwenda kulia mpaka chini ya mahali hapo. Ni 2, na hilo ndilo jibu: kaab ya 2 ni 8, vitu vinne ni 8, jumla 16.

Vijana wataona kwamba hivi ndivyo waambiwavyo leo wakifundishwa grafu: kiasi kimoja kinafuata kingine kwa sharti, sharti hilo lachorwa likawa mstari, na mistari miwili ikikatana hapo pana jibu la maswali mawili kwa pamoja. René Descartes wa Ufaransa aliyeandika Jiometri yake mwaka 1637 aliliweka jambo hilo katika alama na kulipanua sana, nasi hatumnyimi haki yake. Lakini alikuwa nyuma ya Khayyam kwa zaidi ya miaka mia tano na hamsini.

Pamoja na hayo, tusimtukuze mtu hata tukafumba macho. Khayyam hakukubali nambari zilizo chini ya sifuri, na ndiyo sababu alihitaji namna 25 mahali ambapo mwanafunzi wa leo ana chache tu. Na liko kosa jingine. Hakuona kwamba mlinganyo wa kaab waweza kuwa na majibu matatu. Chukua x³ + 11x = 6x² + 6. Jaribu 1, ni sawa. Jaribu 2, ni sawa. Jaribu 3, ni sawa vilevile. Mlinganyo huu ni wa namna ile ile ya swali lake la robo ya duara, wala hakulitambua jambo hili. Na moja alilolitambua akalikiri waziwazi ni kwamba yeye hutoa jibu kwa mchoro, wala hajapata njia ya kulitoa kwa hisabu ya nambari peke yake kaab inapoingia. Akatumai kwamba huenda atakayekuja baada yake ataipata. Ilipatikana Italia katika karne ya kumi na sita, na Cardano akaipiga chapa mwaka 1545. Kungoja huko kulichukua karne nne na nusu.

Mwaka 1074 Sultani Malik Shah na waziri wake Nizamul Mulk walimwita Isfahan ili wajenge nyumba ya kutazamia nyota. Ibn al-Athir awataja pamoja naye al-Isfizari na al-Wasiti. Kazi kubwa waliyopewa ilikuwa kurekebisha mwaka. Wafursi walikuwa wakihisabu mwaka wa jua siku 365 kamili, nao kwa hakika wapungukiwa na karibu robo ya siku, kwa hivyo Nairuzi ilikuwa ikiteleza na kuhama majira yake. Watu wa pwani yetu wanalijua jambo hili, maana Nairuzi yetu waliyoihisabia mabaharia na wakulima ni ya siku 365 vilevile, nayo huteleza hivyo hivyo. Khayyam na wenziwe waliifunga Nairuzi kwenye siku jua liingiapo katika buruji ya Hamal, na kalenda mpya ikaanza tarehe 10 Ramadhani 471, yaani 15 Machi 1079. Ikaitwa Jalali kwa lakabu ya Sultani. Mpango unaonasibishwa kwao ni kuongeza siku 8 katika kila miaka 33, na ukigawa utapata mwaka wa siku 365.2424. Kalenda ya Papa Gregory, iliyotoka miaka 503 baadaye na ambayo ndiyo iliyotundikwa ukutani mwa kila ofisi, yatoa 365.2425.

Miaka hiyo ya Isfahan ilikuwa kumi na minane, na ndiyo iliyokuwa bora ya maisha yake. Mwishoni mwa 1077 alimaliza kitabu cha kueleza yaliyo magumu katika kanuni za Euclid. Ugumu wenyewe ni wa mistari sambamba. Euclid alitaka tumkubalie bila dalili kwamba mistari miwili ikiinamiana kidogo tu upande mmoja, basi lazima itakutana huko mbele. Wengi waliona kwamba neno hili ni kubwa mno kukubaliwa bure. Ibn al-Haytham alijaribu kulithibitisha kwa kuuendesha mstari juu ya mwingine, na Khayyam akamkatalia: handasa, alisema, haina mwendo ndani yake.

Yeye akachora umbo la pande nne. Chini mstari, na katika ncha zake mbili mistari miwili wima iliyo sawa kwa urefu, kisha akaziunganisha ncha za juu. Akathibitisha kwamba pembe mbili za juu ni sawa. Lakini je, ni pembemraba? Au ni pembe kali? Au ni butu? Mtu wa kawaida hutazama mchoro akasema ni pembemraba, anaona. Khayyam hakukubali kuona. Alizichukua dhana zote tatu, akazifuata, na akadhani kwamba amezibatilisha mbili akabakiwa na ile ya pembemraba. Mwaka 1733 padre wa Kiitalia, Saccheri, alilichora umbo lile lile na kuuliza maswali yale yale matatu. Ilipofika 1829 Lobachevsky wa Urusi, na baada yake Bolyai wa Hungaria mwaka 1832, wakaonyesha kwamba dhana ya pembe kali haibatiliki hata kidogo. Ina handasa yake nzima iliyo timamu. Kwa hivyo dalili ya Khayyam haikutimia. Lakini swali alilipanga sawasawa, na katika elimu hii aliyepanga swali sawasawa amekwisha kufanya nusu ya kazi.

Liko jambo jingine alilolitaja katika kitabu cha jabr kwa kupita tu, nalo limeingia katika somo ambalo yeye mwenyewe hakuliandika, somo la uwezekano. Alisema kwamba amepata njia ya kutoa jidhri za daraja ya nne, ya tano, ya sita na kuendelea, na kwamba dalili zake ni za nambari. Mwenye kutoa jidhri hizo huhitaji kujua nini hutokea jumla ya viasi viwili ikizidishwa kwa yenyewe mara nyingi, na nambari zinazotokea hupangika kama piramidi: 1 na 1, kisha 1, 2, 1, kisha 1, 3, 3, 1, kisha 1, 4, 6, 4, 1. Kila nambari ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Al-Karaji alikuwa amezijua kabla yake. Irani huiita pembetatu ya Khayyam. Ulaya huiita ya Pascal, ambaye mwaka 1654, katika kuandikiana barua na Fermat, aliitumia kuhisabu uwezekano. Maswali waliyoanzia yalikuwa ya wacheza kamari, jambo lisilotupasa. Lakini hisabu yenyewe haina hatia, na mfano wa halali upo.

Mtu na mkewe wana watoto wanne. Ikiwa kila uzazi mvulana na msichana ni sawa kwa uwezekano, ni kiasi gani kwamba wavulana ni wawili na wasichana ni wawili? Waulize watu barazani, wengi watakwambia ni nusu. Tazama mstari wa 1, 4, 6, 4, 1. Njia ya kupata wavulana wote ni 1, watatu ni 4, wawili ni 6, mmoja ni 4, na kutopata mvulana ni 1. Jumla ni 16. Basi jibu ni 6 katika 16, chini ya nusu. Tatu kwa mmoja, kwa upande wowote, ni 8 katika 16, nayo ndiyo nusu.

Mwaka 1092 mambo yalibadilika katika muda wa wiki chache. Mwezi wa Ramadhani 485 Nizamul Mulk aliuawa kwa kisu, na mwezi uliofuata Malik Shah akafariki. Fedha za nyumba ya nyota zikakatika, kazi ikasimama. Waliokuwa wakinyamaza kwa hofu ya waziri wakafungua vinywa, na Khayyam akatuhumiwa katika itikadi yake. Ibn al-Qifti aandika kwamba alikwenda Makka kuhiji ili ajilinde, na alipopita Baghdad wanafunzi wa elimu yake walimjia, akawafungia mlango. Kuhiji ni jambo la kheri, na nia yake aijuaye ni Mwenyezi Mungu. Lakini watu waliosafiri kutafuta elimu wakakuta mlango umefungwa, na kilichoufunga ni fitina, hasara ile ni ya nani? Si ya Khayyam peke yake.

Alirejea Nishapur akaishi miaka mingi, wakati mwingine akiitwa Marw kwa Sultan Sanjar. Alikuwa mzito wa tabia. Al-Bayhaqi hakuficha: asema alikuwa bakhili wa kuandika na wa kufundisha, na hili hatumsifu nalo, ingawa baada ya yaliyompata twaweza kulifahamu. Imam al-Ghazali alimwendea akamwuliza, ikiwa sehemu zote za falaki ni sawa, kwa nini sehemu fulani ndiyo ikawa kitako cha mzunguko? Khayyam akaanza mbali, kwenye asili ya mwendo, akarefusha maneno, na kila alipokikaribia kiini cha khitilafu akakizunguka. Akaendelea hivyo mpaka ikaadhiniwa adhuhuri, na Imam akaondoka.

Ila siku moja alikuwa mwingine. Mwaka 507, yaani 1113 au 1114, al-Bayhaqi alikuwa mtoto mdogo, baba yake akamchukua kumwamkia mzee. Khayyam, naye amekwisha kupita miaka sitini na mitano, akamwuliza mtoto maana ya ubeti mmoja wa Kiarabu cha zamani, kisha akamwuliza swali la handasa juu ya namna za mistari ya mpindo. Mtoto akajibu yote mawili, na mzee akafurahi, akamsifu mbele ya baba yake. Mtoto huyo ndiye aliyetuhifadhia nusu ya haya tuliyoyaandika.

Kifo chake chasimuliwa na jamaa yake. Alikuwa akisoma kitabu cha Shifa cha Ibn Sina, na alipofika mlango wa mmoja na wengi, akaweka kijiti cha meno baina ya kurasa, akaagiza waitwe watu wema apate kuusia. Akausia, akasali, wala hakula wala hakunywa tena siku hiyo. Alipomaliza sala ya isha alisujudu, akamwambia Mola wake kwamba amejitahidi kumjua kwa kadiri ya uwezo wake, na kwamba kujua huko ndiko wasila wake kwake, akamwomba msamaha. Akafariki. Kwa kauli iliyo mashuhuri ilikuwa mwaka 526, tarehe 4 Disemba 1131.

Nizami Aruzi alizuru kaburi lake mwaka 530. Alikumbuka kwamba miaka ishirini na minne nyuma, huko Balkh, alimsikia akisema kwamba kaburi lake litakuwa mahali ambapo miti humwaga maua juu yake, na yeye alistaajabu kwa sababu Khayyam si mtu wa kusema ovyo. Akalikuta chini ya ukuta wa bustani, miti ya mipea na mifirsiki imechungulia kutoka ndani, na maua yamelifunika hata jiwe halionekani. Nizami akalia.

Kitabu cha jabr kilinakiliwa kwa mkono kwa muda wa karne saba. Mwaka 1851 Franz Woepcke alikipiga chapa Paris, Kiarabu chake na tafsiri ya Kifaransa, miaka minane kabla FitzGerald hajatoa beti zake. Kitabu kingine alichokitaja, Mushkilatul Hisab, ambamo aliweka dalili za zile jidhri za daraja ya juu, hakijapatikana.